Fedha Isiyodaiwa Ina Mwenyewe

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twajua ya kwamba majani ya chai hayangoji mkutano, na kwamba wengi wenu mmeacha vikapu nyumbani ili kufika hapa, wengine mkitoka Litein na Kapkatet, wengine Sotik na Mogogosiek. Kwa hiyo hatutawachosha kwa maneno ya mapambo, bali tutaingia moja kwa moja katika shauri lililotuleta.

Mbele yenu pana pendekezo, nalo limeandikwa katika ajenda kwa maneno machache: ya kwamba fedha ya mwanachama aliyefariki, ikiwa haikudaiwa na mtu yeyote kwa muda wa miaka 2, iingizwe katika mfuko wa jumla wa Chama. Waliolileta ni watu wema. Wamesema ya kwamba kila mwaka majina yale yale husomwa katika daftari la Mweka Hazina, wala hapana anayesimama kuitika. Na ya kwamba fedha ile ingeweza kusaidia karo za watoto au kuezeka upya jumba letu. Sisi wa Halmashauri tumelifikiri jambo hili kwa makini, na shauri letu ni kwamba pendekezo hili lisikubaliwe. Twaomba ruhusa ya kueleza sababu, na sababu yenyewe ni habari ya kale iliyotendeka katika nchi hii, ambayo wazee wengine waliisikia kwa baba zao na vijana wengi hawajapata kuisikia. Ni habari ya mishahara ya wachukuzi wa vita vya mwaka 1914 hadi 1918.

Yafaa kwanza tueleze kazi ya mlipaji mishahara wa jeshi, maana bila kuielewa hatutafahamu ugomvi uliotokea baadaye. Mlipaji hana fedha yake. Hupewa na Serikali masurufu, yaani fedha inayotangulizwa mkononi mwake ili aitumie kwa kazi iliyotajwa, kisha aitolee hesabu. Kila anapolipa, huandika hati ya malipo yenye jina la mtu, namba yake, kiasi alicholipwa, tarehe, na sahihi yake au alama ya dole gumba kama hajui kuandika. Baadaye huja mkaguzi wa hesabu, naye huuliza maswali matatu tu: Nani aliamuru fedha hii itolewe? Nani aliipokea? Alama ya mpokeaji iko wapi? Hati ikikosekana, mlipaji mwenyewe aweza kutakiwa kufidia fedha ile kwa mfuko wake. Ndiyo sababu walipaji wa jeshi katika nchi zote hukaa miaka mingi baada ya vita kwisha wakibishana na Serikali zao juu ya makaratasi. Bunduki zimekwisha nyamaza, lakini hesabu bado haijafungwa.

Lakini hesabu ya mlipaji ina upande wa pili, nao husahauliwa upesi. Upande wa kwanza ni fedha aliyoitoa bila hati ya kutosha; hiyo Serikali humdai yeye. Upande wa pili ni fedha aliyotakiwa kuitoa naye hakuitoa, kwa kuwa mtu wake amekufa, au ametoweka, au hakurudi kuitaka. Fedha hiyo hubaki katika daftari mbele ya jina la mtu. Je, ni ya nani? Hilo ndilo swali lililoshinda Serikali mbili, ya Nairobi na ya London, na ndilo swali lililo mbele yetu leo.

Vita vilipofika Afrika ya Mashariki mwezi wa Agosti 1914, hapakuwa na barabara za magari porini, na wanyama wa kubeba mizigo walikufa upesi kwa ndorobo. Mzigo wa jeshi, yaani chakula, risasi, dawa, mahema na hata vipande vya mizinga, ulipitia juu ya vichwa na mabega ya watu. Bwana Oscar Ferris Watkins, aliyekuwa ofisa wa utawala, alipewa kazi ya kuunda jeshi la wachukuzi, nalo likaitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Katika vinywa vya watu jina hilo likageuka kuwa Kariakoo, na mpaka leo Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zaitwa hivyo kwa sababu wachukuzi walikuwa na kambi zao hapo. Mwaka 1916 kazi hiyo ikawekwa chini ya idara ya kazi za kijeshi, naye Bwana Watkins akaisimamia akiwa na cheo cha Luteni Kanali.

Mwanzoni wengine walijiandikisha kwa hiari. Lakini mwaka 1915 ilitungwa sheria iliyoruhusu watu kuchukuliwa kwa lazima, na mshahara ukapunguzwa hata kuwa rupia 5 au 6 kwa mwezi. Mwaka 1917, jeshi lilipotaka kumfuata Jenerali von Lettow-Vorbeck upande wa kusini, Bwana John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa Jimbo la Nyanza, aliteuliwa kuwa kamishna wa kijeshi wa kazi, na katika miezi michache watu wengi mno wakakusanywa. Wilaya yetu ya Kericho siku zile ilikuwa ndani ya Jimbo hilo la Nyanza, nasi tulikuwa tukiitwa Lumbwa katika makaratasi ya Serikali. Ni kweli kwamba sehemu kubwa zaidi ya wachukuzi ilitoka kandokando ya ziwa, na Ukambani, na nchi ya Wakikuyu. Lakini mzigo wa vita haukuulizia kabila, na hasara ya jirani ni hasara yetu.

Kutoka Kenya peke yake walichukuliwa watu zaidi ya 150,000. Walivuka mpaka, wakashuka mpaka mto Rufiji, wakaingia nchi ya Wareno, na vita havikwisha mpaka tarehe 25 Novemba 1918, Jenerali von Lettow alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala katika Zambia. Wengi waliokufa hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa homa ya mapafu, kwa baridi na njaa, na kwa chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea tena hakikupikwa kikaiva. Hesabu za kiserikali zenyewe zilikiri vifo vya wachukuzi zaidi ya 40,000 katika majeshi ya Uingereza ya Afrika ya Mashariki, na wenye kuchunguza habari hizi huamini ya kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi.

Sasa tutazame daftari. Mchukuzi aliye porini hakuwa na duka la kununulia kitu. Kwa hiyo mshahara wake ulirundikana katika vitabu mpaka siku ya kuachishwa kazi. Alipewa namba, na namba hiyo ndiyo iliyomtambulisha. Aliyerudi akiwa hai alisimama mbele ya meza, akataja jina na namba, akalipwa. Lakini aliyekufa hakusimama mbele ya meza. Hapo yalianza mambo ya kutatanisha. Mmoja aliandikwa kwa jina la chifu wake badala ya jina la baba yake. Wa pili alitaja jina la uongo kwa kuwa alichukuliwa kwa nguvu naye akitumaini kutoroka. Wa tatu aliandikwa na karani asiyejua lugha yake, na jina likaharibika hata mama yake mwenyewe asingalilitambua lisomwapo. Wa nne alikufa hospitalini mbali na watu wa kwao, wala hapana aliyeleta habari. Na mjane aliyebaki nyumbani hakujua namba, hakujua ofisi, hakujua ya kwamba kuna fedha, na pengine hakuambiwa hata ya kwamba mumewe amekufa.

Hatutaki kumdhulumu mtu yeyote. Kanali Watkins na wasaidizi wake walijitahidi kutunza orodha katika vita vilivyotapakaa nchi nne, na taarifa yake ya kazi hiyo, inayoanzia tarehe 4 Agosti 1914 na kuishia tarehe 15 Septemba 1919, ni moja ya nyaraka zinazotuwezesha kusema juu ya mambo haya. Yeye hakusema ya kwamba waliokufa hawana haki. Alitetea kwamba mshahara wao ulikwisha kupatikana kwa jasho, na ya kwamba kama mwenyewe au mrithi wake haonekani, basi fedha irudi kwa watu wake ili iwafae. Nasi twamhesabia hilo kuwa jambo la heshima.

Baada ya kuwalipa wote walioweza kupatikana, ilibaki fedha isiyodaiwa, makumi ya maelfu ya pauni kwa upande wa Kenya. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Serikali ya Kenya ilitaka fedha ile itolewe kwa faida ya Waafrika. London ilikataa kuiachia. Ukipimwa kwa matokeo yake, msimamo wa London ulikuwa kwamba deni lisilo na mdai si deni. Na kwamba fedha isiyochukuliwa hurudi katika hazina iliyotoka. Barua zilikwenda na kurudi kwa miaka mingi. Watu wenye dhamiri, wamisionari na wengineo, waliandika na kulalamika, na jambo likaulizwa mpaka katika Bunge la Uingereza. Mwishowe fedha haikutolewa. Daftari likafungwa, na kila tarakimu ikakaa mahali pake, lakini deni halikulipwa.

Wanachama wenzetu, mtu aweza kusema ya kwamba fedha ile ilikuwa ndogo ukilinganisha na gharama ya vita vyote. Basi tuipime kwa kipimo cha yule aliyeichuma. Siku zile pauni 1 ilikuwa sawa na rupia 15. Kwa mshahara wa rupia 5 kwa mwezi, pauni 1 ilikuwa kazi ya miezi 3 ya mtu mmoja. Pauni 1,000 ni kazi ya miezi 3,000, yaani miaka 250 ya kubeba mzigo. Na pauni 10,000 ni miaka 2,500. Hivyo ndivyo tunavyopaswa kusoma makumi ya maelfu yale: ni miaka ya maisha ya watu, iliyotembewa kwa miguu, ikahesabiwa kuwa baki katika kitabu.

Tena yatupasa kuitazama ile hoja ya kwamba wenyewe hawakuweza kupatikana. Katika miaka hiyo hiyo ya vita kodi ya kibanda ilikusanywa, nyumba kwa nyumba, wala hapana mlima uliokuwa mbali mno kwa mkusanya kodi. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu baada ya vita, na kila mwanamume aliyetoka kwenda kufanya kazi akaandikwa jina lake, na kabila lake, na alama za vidole vyake, ili akitoroka kwa mwajiri apatikane. Serikali iliyoweza kumtafuta mtu kwa kodi, na ikaweza kumtafuta kwa kutoroka, ingaliweza kumtafuta mjane wake kwa rupia 30. Kilichokosekana si njia. Kilichokosekana ni nia, kwa kuwa anayeshika fedha ndiye aliyefaidika kwa ukimya wa mwenyewe.

Hapo ndipo tunapowaomba mkaze akili. Pendekezo lililo mbele yetu leo litatuweka sisi, Chama, mahali pale pale palipokuwa London. Likikubaliwa, ukimya wa mjane utakuwa faida yetu. Mweka Hazina hatakuwa na sababu ya kupanda mlima kumtafuta, kwa maana akikawia miaka 2 fedha huwa ya Chama. Hatusemi ya kwamba Mweka Hazina wetu ni mtu wa namna hiyo. Twasema kwamba kanuni mbaya humfundisha hata mtu mwema kuchelewa.

Pana jambo jingine linaloigusa nchi yetu hii ya Kericho, nalo halifai kupitwa kimya. Baada ya vita hiyo hiyo, mwaka 1919, Serikali iliweka mpango wa kuwapa ardhi wanajeshi wa Kizungu. Hapa Kericho ekari zipatazo 25,000, zilizotolewa katika nchi ya Wakipsigis, zilitengwa kwa ajili ya koloni la maofisa waliojeruhiwa vitani, wapande kitani. Bei ya kitani ikaanguka vibaya, na mapema katika miaka ya 1920 koloni hilo likavunjika. Lakini ardhi haikurudi kwa waliotolewa. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni makubwa yakaingia, na katika nchi hiyo ikapandwa chai tunayoiona leo ikitanda kijani tangu barabarani mpaka ukingo wa msitu. Hatusemi neno hili kuwachukia waliojeruhiwa. Kilema cha vita ni kilema, na yastahili Serikali imtunze askari wake. Twasema tu kwamba vita ni vile vile, na hazina ni ile ile. Palipotafutwa malipo ya ofisa, ekari elfu ishirini na tano zilionekana. Palipotafutwa malipo ya mchukuzi, ikasemwa ya kwamba mwenyewe haonekani.

Je, mambo yalitengenea baadaye? Kwa sehemu. Katika vita vya pili, vya 1939 hadi 1945, vijana wetu waliingia Keya, wakapigana Uhabeshi, wakapelekwa Madagaska na Burma. Safari hii palikuwa na taratibu bora: askari aliweza kutenga sehemu ya mshahara ikalipwa nyumbani, na wengine waliweka akiba katika benki ya Posta. Mke aliyeandikwa jina lake alipata fedha yake. Huo ulikuwa ushahidi kwamba jambo lililosemwa haliwezekani mwaka 1919 liliwezekana mara mtu alipolitaka. Hata hivyo usawa haukupatikana. Mwaka 2019 zilitangazwa hati za zamani zilizoonyesha ya kwamba bakshishi ya mwisho wa vita iliyolipwa askari Waafrika ilipangwa kuwa ndogo sana kuliko ya wenzao Wazungu wa cheo kile kile, hata kufikia theluthi.

Na wale wachukuzi wa kwanza, hata majina yao hayakuhifadhiwa. Sanamu zilisimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam katika miaka ya 1920, lakini sanamu haitaji jina la mtu. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri ya kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi Bungeni. Radhi hiyo ilikuja baada ya miaka zaidi ya 100. Wajane walikuwa wamekwisha kuzikwa, na watoto wao pia.

Tazameni mpangilio wa mambo. Kwanza jina liliharibika katika daftari. Kisha kwa kuwa jina limeharibika, mshahara ukakosa mwenyewe. Kisha kwa kuwa mshahara umekosa mwenyewe, ukarudi hazina. Mwisho, kwa kuwa hapana jina wala mshahara, hapana kaburi lenye maandishi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza ya kwamba na mtu pia hupotea hivyo hivyo.

Sheria ya nchi yetu leo imejifunza jambo hilo. Mwaka 2011 Bunge la Kenya lilitunga sheria juu ya mali za kifedha zisizodaiwa, na kuna mamlaka iliyowekwa kuzishika. Fedha iliyosahauliwa katika benki, au bima, au mshahara usiochukuliwa, haiwi ya aliyekuwa akiishika. Hupelekwa kwenye mamlaka hiyo, ikatunzwa kwa amana, na mwenyewe au mrithi wake aweza kuja kuidai kwa vithibitisho. Ikiwa sheria ya nchi yasema ya kwamba benki kubwa haiwezi kula fedha ya marehemu, itakuwa aibu kwa Chama cha wanyonge, kilichoundwa ili kusaidiana katika shida, kujipa ruhusa hiyo.

Nanyi wenyewe mnaijua maana ya karatasi. Kila asubuhi mnapopeleka majani kituoni, karani hupima, naye hukupa risiti ya kilo. Mtu mwenye busara huitunza risiti ile mpaka malipo ya mwezi yafike na bonasi ya mwisho wa mwaka ihesabiwe. Akiona kilo zimepungua, huenda na risiti zake, na mazungumzo huwa mafupi. Asiye na risiti husema sana, wala hasikilizwi. Mchukuzi wa mwaka 1917 hakuachiwa risiti nyumbani kwake. Mkewe hakuwa na karatasi ya kupeleka ofisini. Hiyo ndiyo tofauti, na ni tofauti tunayoweza kuiondoa kwa wino na daftari moja.

Kwa hiyo Halmashauri yawaletea mashauri manne badala ya lile pendekezo.

La kwanza, fedha ya mwanachama aliyefariki ikae katika jina lake pasipo mwisho wa muda. Iandikwe katika ukurasa wake peke yake, wala isichanganywe na mfuko wa jumla. Mkaguzi wetu wa hesabu aikague kila mwaka kana kwamba mwenyewe ameketi mbele yake.

La pili, kila mwanachama aandike sasa majina ya warithi wake. Na asiandike jina moja tu. Katika desturi yetu kila nyumba ina mali yake. Basi aandike ni nyumba ya mama yupi, na ni kokwet gani, na nani jirani awezaye kushuhudia. Kama ni nyumba ambamo mama asiye na mtoto wa kiume ameoa mke kwa desturi, hilo nalo liandikwe waziwazi, ili pasiwe na ubishi juu ya watoto wa nyumba hiyo. Kazi ya kuandika ifanyike kwenye kokwet, mbele ya wazee, katika lugha ya nyumbani, naye karani amsomee mtu jina lake aliloandika mpaka akubali ya kwamba ndilo.

La tatu, Mweka Hazina asingoje kudaiwa. Mwanachama akifa, mtu wa Halmashauri aende nyumbani kwake kabla matanga hayajamalizika, akawaambie wafiwa ni fedha kiasi gani iliyo yao na ni karatasi gani zinazohitajiwa. Wakati wa kilio mtu hawezi kukumbuka ofisi. Yafaa ofisi imkumbuke yeye.

La nne, majina yote ambayo fedha yao haijachukuliwa yasomwe kwa sauti katika kila Mkutano Mkuu, na kupigwa chapa katika kijitabu hiki cha taarifa ya mwaka. Tumesikia manung'uniko ya kwamba kusoma majina yale yale kwachosha. Na tuchoke. Yule mmoja atakayesikia jina la babu yake na kuinuka atatulipa uchovu wetu wote.

Twajua ya kwamba baadhi ya wazee hawapendi shauri la pili. Wamesema ya kwamba kuandika mrithi ukiwa hai ni kama kuita kifo. Twaliheshimu neno lao, maana halikutoka katika upuuzi. Lakini twaomba kuwakumbusha desturi yao wenyewe. Mtoto azaliwapo katika nchi hii, wazee na akina mama huita majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya, nalo jina lile huwa lake. Je, yule anayeita majina ya wafu juu ya mtoto mchanga anaita kifo? La, anaita uhai. Nyumba iliyosahau majina ya watu wake ingeita nini siku ile? Daftari la warithi ni kazi ya jamaa moja na desturi ile. Ni kuhakikisha ya kwamba mtu akiondoka, liko jina la kuitwa, na yuko wa kuitika.

Wengine watauliza, na karo za watoto je? Na paa la jumba? Haya ni mahitaji ya kweli, nasi hatuyadharau. Yatafutiwe fedha kwa njia iliyo wazi: tuongeze ada kidogo, au tufanye mchango, kila mtu akijua anachotoa na sababu ya kukitoa. Paa lililoezekwa kwa fedha ya mjane asiyejua haki yake halitatufunika vema. Mvua ikinyesha tutakaa chini yake tukiwa wakavu, lakini hatutakuwa na haki ya kuwalaumu waliofanya vivyo hivyo kwa baba zetu.

Bwana Mwenyekiti, twamalizia. Wako wanaosema ya kwamba habari za wachukuzi ni za kale na hazina faida. Ni kweli hatuwezi leo kumrudishia mchukuzi rupia zake. Lakini kosa hilo lina mahali pawili pa kurekebishwa. Pamoja ni kwa wale waliolifanya, na hapo twaweza kudai kwa adabu na kwa ushahidi. Pa pili ni katika nyumba yetu wenyewe, na hapo hatuhitaji ruhusa ya mtu. Dawa ya deni ni kulipa. Na kama aliyekopwa hajaonekana, dawa yake ni kumtafuta, na kuitunza fedha yake mpaka aonekane.

Basi twawaomba, ndugu wanachama, kura itakapopigwa, mlikatae pendekezo la miaka 2 na kuyapokea mashauri haya manne. Na kabla hamjatoka, karani ameketi karibu na mlango akiwa na daftari jipya na wino. Wazee na watangulie.